Kuandika mlinganyo wa mstari ukiwa na nukta na mteremko

Mwanafunzi akipewa nukta moja na mteremko, mara nyingi hukimbilia y = mx + c (m ni mteremko, c ni pale mstari unapokata mhimili wa y), kisha anaanza kuisaka c. Hakuna haja ya kuzunguka hivyo. Mlinganyo unaandikika papo hapo. Tutumie vipimo vya joto: x iwe nyuzi za Selsiasi, y nyuzi za Farenhaiti. Katika usawa wa bahari maji huganda penye 0 au 32, na huchemka penye 100 au 212. Tayari tuna nukta mbili: (0, 32) na (100, 212).

Hatua ya 1: Tafuta mteremko

m = (212 − 32)/(100 − 0) = 180/100 = 9/5

Ukianza na 212 juu, chini anza na 100, yaani x ya nukta hiyohiyo. Ukichanganya, alama ya mteremko inageuka.

Hatua ya 2: Chagua nukta, uiite (x₁, y₁)

Yoyote kati ya hizo mbili inafaa.

Hatua ya 3: Ingiza kwenye kanuni

y − y₁ = m(x − x₁)

Usiikariri kabla ya kuona ilikotoka. Chukua nukta yoyote (x, y) iliyo kwenye mstari. Mteremko kutoka (x₁, y₁) hadi hapo ni (y − y₁)/(x − x₁), na lazima uwe m, kwa kuwa mstari mnyoofu una mteremko uleule kila mahali. Zidisha pande zote kwa (x − x₁), kanuni imepatikana. Kwa hiyo:

y − 32 = 9/5(x − 0)

Aliyechagua nukta ya pili ataandika y − 212 = 9/5(x − 100). Wote wamepata. Fungueni mabano, mtakutana kwenye y = (9/5)x + 32.

Hatua ya 4: Chunga alama hasi

Hapa ndipo alama nyingi za mtihani hupotea. Mstari wetu unapita pia (−40, −40), joto ambalo vipimo vyote viwili husoma namba moja. Andika kwanza na mabano yote:

y − (−40) = 9/5(x − (−40))

Ndipo urahisishe: y + 40 = 9/5(x + 40). Kutoa hasi ni kujumlisha. Ukiusoma mlinganyo kinyumenyume, geuza alama vilevile: y + 3 = 2(x − 7) unapita (7, −3), si (3, −7).

Mlinganyo huu wa −40 naupenda kuliko yote, maana unabadilisha nyuzi kwa urahisi: jumlisha 40, zidisha kwa 9/5, toa 40. Joto la mwili, 37, linakuwa 77, kisha 138.6, kisha 98.6.

Hatua ya 5: Hakiki kwa nukta ambayo hukuitumia

Weka x = 100: 140 × 9/5 = 252, toa 40, unapata 212. Sawa.

Mstari wima hauna mteremko, hivyo kanuni haiufai; andika tu x = x₁. Mstari wa mlalo ni y = y₁.

Zoezi: andika mlinganyo wa mstari unaopita (−2, 5) na (4, −7). Jibu ni y − 5 = −2(x + 2), au y + 7 = −2(x − 4).