Kusoma na kuandika faili za CSV kwa Java: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa kutumia Apache Commons CSV

Faili ya CSV (thamani zilizotenganishwa kwa koma) ni maandishi matupu, na ndiyo maana wengi huivamia kwa `split(",")` na kuendelea na shughuli nyingine. Kwa data safi inafanya kazi. Shida ni kwamba data safi huishia kwenye mifano ya vitabuni. Tazama faili hii, `vifaa.csv`:

```
kodi,jina,maelezo,uzito,tarehe
00417,Kebo ya mtandao,"Mita 5, rangi ya kijivu",0.35,2025-03-14
00418,Kibodi,"Ina kitufe cha ""Fn"" upande wa kushoto",0.80,2025-03-15
00419,Skrini,"Inchi 24
Haina spika",,2025-03-16
```

Safu ni tano (`kodi` hapa ni alama ya utambulisho ya kifaa, siyo ushuru), lakini `split` itakupa vipande sita kwenye rekodi ya kwanza, kwa sababu koma iliyo ndani ya maelezo nayo inahesabiwa. Rekodi ya pili itakuachia alama za nukuu zilizorudiwa. Ya tatu ni mbaya zaidi: ni rekodi moja iliyokaa kwenye mistari miwili, kwa hiyo hata kusoma mstari mmoja mmoja ni kosa kabla hujafika kwenye koma. Tena `split` hutupa vipande vitupu vilivyo mwishoni mwa mstari bila kukuambia.

CSV haina kiwango kimoja kinachofuatwa na kila mtu. Waraka wa RFC 4180 wa mwaka 2005 uliandika tu desturi zilizokuwa zimeshaenea, na programu nyingi bado zinafanya mambo yao. Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni kutamka waziwazi kila unachokichukulia kuhusu faili yako: kitenganishi, nukuu, majina ya safu, na usimbaji wa herufi (jinsi herufi zinavyogeuzwa kuwa baiti). Kisichotamkwa, kompyuta itakiamua kwa niaba yako.

Hatua ya 1: Ongeza maktaba

Kwa Maven:

```xml
<dependency>
  <groupId>org.apache.commons</groupId>
  <artifactId>commons-csv</artifactId>
  <version>1.14.0</version>
</dependency>
```

Kwa Gradle ni `implementation("org.apache.commons:commons-csv:1.14.0")`. OpenCSV na moduli ya CSV ya Jackson nazo ni nzuri, hasa ukitaka rekodi zigeuzwe kuwa vitu vya Java zenyewe. Mimi napendelea Commons CSV kwa sababu inafanya jambo moja na haifichi kitu.

Hatua ya 2: Eleza mpangilio mahali pamoja

```java
static final String[] SAFU =
    {"kodi", "jina", "maelezo", "uzito", "tarehe"};

static final CSVFormat MSINGI = CSVFormat.DEFAULT.builder()
    .setDuplicateHeaderMode(DuplicateHeaderMode.DISALLOW)
    .get();

static final CSVFormat KUSOMA = MSINGI.builder()
    .setHeader()
    .setSkipHeaderRecord(true)
    .get();

static final CSVFormat KUANDIKA = MSINGI.builder()
    .setHeader(SAFU)
    .get();
```

`setHeader()` isiyo na kitu ndani ina maana "chukua majina ya safu kutoka rekodi ya kwanza ya faili". Ukiipa majina wakati wa kuandika, itayachapisha juu kabisa ya faili. Ukikutana na mifano ya zamani inayomalizia kwa `build()` badala ya `get()`, ni kitu kilekile. Hiyo `get()` ndiyo inayopendekezwa kwenye matoleo mapya.

Kwa nini nimezuia majina ya safu yanayojirudia? Kwa kawaida `DEFAULT` inayaruhusu. Faili ikija na safu mbili zinazoitwa `uzito`, ukiomba kwa jina utapata moja tu, na hakuna atakayekushtua. Afadhali programu igome mlangoni.

Kuhusu nafasi: kwa RFC 4180, nafasi iliyo kando ya koma ni sehemu ya thamani. Ukipokea faili yenye `a, "b,c"`, ile nafasi kabla ya nukuu inaifanya nukuu isitambulike kama mwanzo wa sehemu, na `b,c` inakatwa vipande viwili. Dawa yake ni `setIgnoreSurroundingSpaces(true)`. Usiiwashe kwa mazoea tu; iwashe ukijua faili zako zina tabia hiyo.

Hatua ya 3: Soma, kwa majina ya safu

```java
record Kifaa(String kodi, String jina, String maelezo,
             BigDecimal uzito, LocalDate tarehe) {}

static List<Kifaa> soma(Path njia) throws IOException {
    List<Kifaa> vifaa = new ArrayList<>();
    try (BufferedReader msomaji =
             Files.newBufferedReader(njia, StandardCharsets.UTF_8)) {
        rukaBom(msomaji);
        try (CSVParser kichanganuzi = KUSOMA.parse(msomaji)) {
            if (!kichanganuzi.getHeaderNames()
                    .containsAll(List.of(SAFU))) {
                throw new IOException("Safu zimepungua: "
                    + kichanganuzi.getHeaderNames());
            }
            for (CSVRecord r : kichanganuzi) {
                if (!r.isConsistent()) {
                    throw new IOException("Rekodi ya "
                        + r.getRecordNumber() + " ina sehemu "
                        + r.size());
                }
                String uzito = r.get("uzito");
                vifaa.add(new Kifaa(
                    r.get("kodi"), r.get("jina"), r.get("maelezo"),
                    uzito.isEmpty() ? null : new BigDecimal(uzito),
                    LocalDate.parse(r.get("tarehe"))));
            }
        }
    }
    return vifaa;
}

static void rukaBom(BufferedReader r) throws IOException {
    r.mark(1);
    if (r.read() != '\uFEFF') r.reset();
}
```

Unaweza kuandika `r.get(3)` badala ya `r.get("uzito")`, nayo ikafanya kazi hadi siku anayekutumia faili atakapoongeza safu katikati. Kwa jina, mpangilio wa safu hauna neno.

Methodi ya `rukaBom` inaonekana ya ajabu ila usiifute. Excel ikihifadhi CSV ya UTF-8 huweka mwanzoni herufi isiyoonekana, U+FEFF, iitwayo BOM. Java haiiondoi. Matokeo yake safu ya kwanza haitwi tena `kodi` bali `kodi` iliyotanguliwa na kitu usichokiona, na `r.get("kodi")` inagoma huku ujumbe wa hitilafu ukikuonyesha jina ambalo kwa macho ni sahihi kabisa. Mtu anaweza kupoteza jioni nzima hapo.

Usimbaji wa herufi una mtego mwingine. Java 18 ndiyo iliyofanya UTF-8 kuwa chaguo-msingi kila mahali. Kabla yake `FileReader` ilifuata mashine inakoendeshwa, kwa hiyo msimbo uleule ulisoma vizuri kwenye seva na kuharibu herufi kwenye kompyuta ya ofisini. Ndiyo maana nataja `StandardCharsets.UTF_8` ingawa `Files.newBufferedReader` ingeitumia hata nisipotaja. Methodi hii ina faida nyingine: ikikutana na baiti zisizo za UTF-8 hutupa `MalformedInputException`. Ukipitia `new InputStreamReader(mkondo, StandardCharsets.UTF_8)`, baiti hizo hugeuzwa kimya kimya kuwa alama ya � na data ya asili imeshapotea. Hitilafu hiyo ikitokea, uliza faili ilitengenezwa wapi. Mara nyingi ni usimbaji wa windows-1252, na unabadilisha hoja moja tu.

`kodi` nimeiacha iwe maandishi. Ukiigeuza namba, 00417 inakuwa 417. Uzito ni `BigDecimal`, kwa kuwa `double` haiwezi kushika sehemu nyingi za desimali kwa usahihi.

Faili ikiwa kubwa, usiite `getRecords()`: inapakia kila kitu kwenye kumbukumbu. Kitanzi cha `for` hapo juu husoma rekodi moja baada ya nyingine. Kinachojaza kumbukumbu ni ile orodha yangu, na kwa mamilioni ya rekodi ungeishughulikia kila moja papo hapo badala ya kuikusanya.

Kwenye ujumbe wa hitilafu, tofautisha namba ya rekodi na namba ya mstari. `getRecordNumber()` huhesabu rekodi bila kichwa (mstari wa majina ya safu), ilhali `getCurrentLineNumber()` ya kichanganuzi huhesabu mistari ya faili. Skrini yetu yenye maelezo ya mistari miwili inatosha kuzitenganisha zaidi.

Hatua ya 4: Andika

```java
static void andika(Path njia, List<Kifaa> vifaa) throws IOException {
    try (BufferedWriter mwandishi =
             Files.newBufferedWriter(njia, StandardCharsets.UTF_8);
         CSVPrinter kichapishi = new CSVPrinter(mwandishi, KUANDIKA)) {
        for (Kifaa k : vifaa) {
            kichapishi.printRecord(k.kodi(), k.jina(), k.maelezo(),
                k.uzito() == null ? null : k.uzito().toPlainString(),
                k.tarehe());
        }
    }
}
```

Nukuu hujiweka zenyewe panapohitajika, na nukuu za ndani hurudiwa. Usiziongeze kwa mkono. `toPlainString()` ipo kwa sababu `toString()` ya `BigDecimal` inaweza kukuandikia `1E+3`.

Jaribio la maana kuliko yote: soma faili, iandike kwingine, isome tena, kisha linganisha orodha mbili kwa `equals`. Tumia data yenye koma, nukuu, mstari mpya na sehemu tupu, kama ile ya juu.

Hatua ya 5: Kama faili itafunguliwa na binadamu

Hapa sheria zinabadilika. Kwenye mipangilio ya nchi ambazo koma ndiyo alama ya desimali, Excel hutarajia nukta-mkato kama kitenganishi, kwa hiyo tengeneza mpangilio wa pili wenye `setDelimiter(';')`. Ili Excel itambue UTF-8, andika `\uFEFF` kwa `mwandishi.write` kabla ya kuunda `CSVPrinter`, maana huyo huchapisha kichwa mara tu anapoundwa. Sufuri za mbele za `kodi` zitapotea machoni pa msomaji hata uziweke ndani ya nukuu. Anayezihitaji aingize faili kupitia menyu ya data na kuitangaza safu hiyo kuwa maandishi.

La usalama: sehemu inayoanza na `=`, `+`, `-` au `@` inaweza kutekelezwa kama fomula. Kama maandishi yanatoka kwa watumiaji wa tovuti yako, tanguliza alama ya `'` kwenye sehemu hizo. Fanya hivyo kwa safu za maandishi tu, la sivyo utaharibu kila namba hasi, na usifanye kabisa kwenye faili inayosomwa na programu nyingine.

Hatua ya 6: Usiache faili nusu

Programu ikikatika katikati ya `andika`, faili ya zamani imeshafutwa na mpya haijakamilika. Andika kwanza pembeni, kwenye folda ileile, kisha uihamishe:

```java
Path muda = njia.resolveSibling(njia.getFileName() + ".tmp");
andika(muda, vifaa);
Files.move(muda, njia, StandardCopyOption.REPLACE_EXISTING);
```

Ukiweka `ATOMIC_MOVE` badala yake, kwenye Linux atakayefungua faili atakuta ama ya zamani yote au mpya yote. Mifumo mingine ya faili haiikubali na hutupa `AtomicMoveNotSupportedException`, basi ijaribu kwenye mashine itakayotumika kweli, siyo kwenye ya kwako tu.