SOMO: Msaada wa chakula usiishie shimoni (kwa wenye vituo, wapishi na wafadhili)

Wadau, habari za jioni. Hili naliandika mara moja. Atakayenifuata tena kwenye meseji kuuliza "dada, mahindi ya msaada yameota ukungu, tufanyeje" nitamrudisha hapa, asinune.

Natunza stoo ya kituo cha watoto hapa Mwanza, upande wa Ilemela. Kila baada ya Krismasi, Pasaka na Iddi zote mbili simu zinaanza: vituo vya watoto, nyumba za wazee, kina mama wanaopikia wagonjwa wasio na ndugu. Mikate imejaa, nyama imezidi friji, mchele umeingia wadudu. Ikifika Februari watu walewale wananiomba debe la unga. Chakula kinaletwa, tena kingi, ila kinakuja chote wiki moja, cha aina moja, na hakuna aliyethubutu kumwambia mfadhili neno. Ndiyo maana naanzia kwenye simu.

Hatua ya 1: Simu

Mfadhili akipiga, usiseme "karibuni sana" ukakata. Muulize analeta nini, kiasi gani, siku gani, na hicho chakula kimekaa wapi hadi leo. Kisha mwambie ulichonacho. "Mzee tunashukuru, mchele wa Pasaka bado upo. Kama itakupendeza, hela hiyohiyo tulipie mashine ya kusaga mwezi wa sita." Au alipe kwa Mangi wa dukani, kituo kichukue mafuta na sukari kidogo kidogo kwa daftari.

Watu wanaogopa eti mfadhili atanuna. Wapo wanaonuna, hasa walioshatengeneza fulana na kumleta mpiga picha. Wengi wanafurahi kuulizwa, kwa sababu hata wao hawajui walete nini, basi wote wanaleta mchele, sabuni na biskuti.

Hatua ya 2: Pima, andika, mleta asaini. Hata kama wana haraka.

Hatua ya 3: Kagua gari likiwa bado getini

Kopo lililovimba, linalovuja au lililobonyea kwenye mshono, lirudi lilikotoka. Unga chota kiganjani, unuse. Tarehe soma kwenye kila katoni, usiishie kwenye ile ya juu. Ya juu imewekwa juu ili uione.

Hatua ya 4: Mahindi

Soma taratibu, hapa ndipo kituo chetu kiliumia. Yalikuja magunia mazuri ya mavuno mapya, mvua haijakatika sawasawa. Yakapangwa juu ya sementi, yamegusa ukuta. Kwa juu makavu kabisa. Siku ya kufungua gunia la katikati, mkono ulizama kwenye joto kama la kinyesi cha ng'ombe kibichi, punje zimeshikana mabonge, nyingine zimegeuka kijani. Yote yakaenda shimoni, na ilibidi tununue unga wa duka kwa hela ya ada.

Siku hizi gunia haliingii stoo bila kupita kwenye chupa ya chumvi. Choma bambo (kile kibomba chenye ncha cha kutolea punje) katikati ya gunia, siyo mdomoni, utoe punje. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, yenye mfuniko. Jaza mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, iache kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15: yarudi juani. Ikianguka chini yote, umevuka mtihani wa kwanza tu, kwa sababu mahindi ya kukaa muda mrefu yanatakiwa yashuke kwenye asilimia 13 hivi. Mimi huwa nayaongezea jua jingine hata yakifaulu.

Maonyo, na haya sitayarudia:

– Anika juu ya turubai, usianike kwenye udongo. Jioni yafunike; hewa ya ziwani usiku inarudisha unyevu wote uliotoa mchana.

– Magunia yakae juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani, upate pa kupita na ufagio.

– Mifuko ya kinga njaa ni mizuri, inamnyima hewa dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi (wazee wanamwita Scania), hadi anakufa bila dawa. Lakini ukifungia humo mahindi mabichi umeozesha kwa gharama kubwa zaidi.

– Yenye ukungu usioshe ukapika. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kusaga. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, waliokula ugali wa kawaida wa nyumbani. Usimpe ng'ombe wa maziwa pia, inapita hadi kwenye maziwa.

Hatua ya 5: Dagaa. Mkunje. Akikatika amekauka, akipinda rudisha juani. Mchanga pepeta kabla ya kupima, usipokee mchanga kwa kilo.

Hatua ya 6: Chakula kilichopikwa

Pilau la harusi. Ukumbini wanakula saa mbili usiku, sherehe inaisha saa saba, saa nane mtu anagonga geti na ndoo tatu na moyo mweupe kabisa. Swali ni moja: limeepuliwa saa ngapi? Chakula kilichopikwa kikikaa nje zaidi ya masaa mawili bila kuwa cha moto wa kuunguza au baridi ya friji, vijidudu vimeshaanza kazi. Wali ndio mbaya zaidi, ukikaa hivyo vijidudu vinaweza kuacha sumu ambayo hata ukiupasha mpaka ufuke moshi haiondoki. Asante sana, Mungu akubariki, hapana. Kwa wenye kumbi na wapishi: ambacho hakijapakuliwa kitoeni mapema, kingali cha moto, mtupigie kabla wageni hawajaanza kucheza.

Hatua ya 7: Kinachoisha muda mapema kikae mbele. Basi.

Hatua ya 8: Ziada itoke ikiwa nzima

Wengi wanakaa na magunia mpaka yanaharibika kwa kuogopa maneno. Mfadhili akiona mchele wake kwenye kituo kingine atasema umeuza. Dawa yake ni karatasi ya mapokezi: weka mstari mmoja, "kitakachozidi kitagawiwa kwa wenye uhitaji wengine", asaini siku hiyohiyo. Ukigawa, aliyepokea naye asaini. Mimi nina vituo viwili jirani tunaopeana: wao wana shamba la mihogo, sisi tunapata mchele zaidi. Hakuna mwaka tuliogombana.

Maswali karibuni.

---

Kija wa Buhongwa: Somo refu sana dada. Kwa kifupi, mahindi yenye ukungu yanapikwa au hayapikwi?

Mtunza Stoo: Hayapikwi. Hatua ya 4.

Kija wa Buhongwa: Hata ukichambua?

Mtunza Stoo: Kuchambua punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi kunasaidia pale zinapokuwa chache. Gunia likishatoa harufu ya ukungu, usihangaike nalo. Na mahindi yanaweza kuonekana safi na sumu imo, ndiyo sababu kubwa ya kukausha mapema.

Mama Kulwa: Mimi nina swali la chumvi. Tuko Kisesa, tumeanika siku tatu jua kali, nimejaribu chupa jioni, chumvi imeganda. Nikajaribu gunia jingine, imeganda. Mpaka nikahisi chumvi yenyewe ndiyo ina matatizo.

Mtunza Stoo: Mama yangu, umehisi sawa. Chumvi iliyokaa wazi jikoni inavuta unyevu yenyewe. Ikaange kwenye sufuria kavu, ipoe, uiweke kwenye kopo lenye mfuniko, hiyo iwe ya kupimia tu. Jambo la pili, usipime mahindi yakiwa bado na moto wa jua. Yatatoa jasho ndani ya chupa. Yaache kivulini yapoe. Jaribu kwanza chumvi peke yake kwenye chupa, itikise: ikishika kioo bila mahindi, kosa ni la chumvi. Uniletee majibu, nataka kujua.

Mtu wa Watu: Mnakataa pilau halafu mnalia njaa kwenye redio. Kuna watoto Mabatini wanalala bila kitu. Hizi ni nyodo.

Mtunza Stoo: Watoto wakiharisha usiku hupigiwi simu wewe, napigiwa mimi. Unachoogopa kumpa mwanao, usikilete getini kwangu.

Mtu wa Watu: Mimi mbona nakula kiporo kila siku na sijafa?

Mtunza Stoo: Kiporo chako umekitoa kwenye friji yako unayoijua. Haya, endelea kula.

Nyakato Moja: Mahindi yameingia dumuzi na mkuu wa kituo amenunua vile vidonge vya kufukizia, anataka aweke leo. Stoo imepakana na bweni. Ni salama?

Mtunza Stoo: HAPANA. Mzuie sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Vile vidonge vikipata unyevu vinatoa gesi inayoua watu, na inapenya kwenye nyufa za mlango na dari. Haviwekwi popote karibu na wanapolala watu, na asivishike mtu asiyefundishwa. Muite afisa kilimo wa kata. Kwa mahindi ya kuliwa mwezi huu, anika, chekecha, saga yaliyo mazima. Ya baadaye, kinga njaa.

Nyakato Moja: Nimempigia mkuu wa kituo, ameahirisha. Asante dada.

Mzee wa Mwaloni: Hapo kwenye dagaa umepita haraka mno. Waambie wamuulize mleta kama alianikwa kwenye chanja au mchangani. Wa mchangani hata umpepete mara ngapi, mtoto atasaga mawe. Na dagaa wa msimu wa mvua mtu asimfunge kwenye mfuko wa plastiki, anachacha.

Mtunza Stoo: Shikamoo mzee. Nimepokea, naongeza kwenye daftari langu.

Sengerema Kwetu: Sisi tatizo letu ni viazi vitamu. Waumini wanaleta magunia kwa magunia baada ya ibada ya mavuno, wiki mbili vimeoza. Tufanyeje?

Mtunza Stoo: Wewe wa Sengerema unaniuliza mimi viazi? Tengenezeni michembe. Menya, kata vipande vyembamba vikiwa vibichi, anika mpaka vivunjike kwa mkono. Mkitaka matobolwa, chemsheni kwanza ndipo mkate na kuanika. Watoto wanayapenda na chai asubuhi. Fanyeni jua likiwa kali, kiazi chenye donda kiliwe siku hiyo.

Mama Kulwa: Na mikate? Sisi tunaikata vipande, tunaikausha juani, tunaitwanga, ule unga tunachovyea kachori.

Mtunza Stoo: Wabeja mayu! Hiyo sikuijua. Ilimradi ikaushwe kabla haijaota madoa.

Mdau Igoma: Ukipata katoni zilizoisha muda na aliyeleta hapatikani, unazipeleka wapi? Ukitupa jalalani watu wanaokota wanauza.

Mtunza Stoo: Swali zuri. Tenga pembeni, andika USITUMIE kwa maandishi makubwa, kisha mtaarifu afisa afya wa kata. Zikiwa nyingi na zinaonekana zimetoka dukani, waambie TBS, Shirika la Viwango. Tangu 2019 usalama wa chakula uko kwao, zamani ilikuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Usizitupe mwenyewe bila shahidi.

Kija wa Buhongwa: Dada, bambo linauzwa wapi?

Mtunza Stoo: Waulize wanunuzi wa nafaka pale sokoni, hawakosi. Ukikosa kabisa, fundi wa kuchomelea akukatie bomba jembamba lenye ncha ya mshazari, asage ukingo usichane gunia.