SOMO: Kubadili na kulinganisha kasi za vifaa vya zamani (soma kabla ya kuuliza)

Wakuu, swali la "mbona modemu yangu ya 56k inashusha kilobaiti tano tu kwa sekunde" (modemu ni kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa laini ya simu, na 56k ni biti 56,000 kwa sekunde) nimelijibu mpaka vidole vimeota sugu. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtupia uzi huu.

Hatua ya 1. Andika namba pamoja na kipimo chake. b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, na baiti 1 ni biti 8.

Hatua ya 2. Geuza kila kitu kiwe baiti kwa sekunde. Kabla ya hapo usilinganishe chochote.

Hatua ya 3. Baudi si biti. Baudi ni mara ngapi ishara inabadilika kwa sekunde, na badiliko moja linaweza kubeba biti kadhaa. Modemu za Bell 103 zilikuwa baudi 300 na biti 300, ndipo watu walipozoea kuvichanganya. V.22bis, kanuni ya modemu za baadaye, ni baudi 600, kila badiliko biti 4: jumla 2,400.

Hatua ya 4. Kwenye kebo ya siriali (inayotuma biti moja moja kwa mfuatano) gawanya kwa 10, SI KWA 8. Hapa ndipo nilipoumia. Mpangilio wa kawaida, 8N1, unatuma biti 1 ya kuanzia, 8 za data na 1 ya kumalizia, kwa hiyo biti 9,600 ni baiti 960 tu. Mimi niligawanya kwa 8, nikapata 1,200. Nilikuwa nahamisha nakala ya diski nzima ya megabaiti 20, faili moja. Hesabu yangu ilisema saa 4 na dakika 51. Nikaanza saa mbili usiku, nikategesha swichi ya saa ikate umeme wa mashine kuukuu saa saba na robo, nikalala kwa raha. Kazi yenyewe ilitaka zaidi ya saa 6. Asubuhi nikakuta skrini ya kompyuta pokezi imeganda kwenye namba ya pakiti, chini yake imeandikwa majaribio 10 yameshindikana. Nusu ya diski ni takataka. ONYO: ukiongeza biti ya ulinganifu (ya kukagua makosa), gawanya kwa 11. ONYO la pili: hesabu hii ni kiwango cha juu kabisa, programu ya kutuma faili nayo inakula chake.

Hatua ya 5. Angalia K ni ipi. Kwenye mawasiliano ni 1,000. Kwenye kumbukumbu ni 1,024. Flopi (diski laini) ya "1.44 MB" imechanganya zote mbili: 1.44 × 1,000 × 1,024, yaani baiti 1,474,560. Aliyebuni hiyo sijui alikuwa anamkomoa nani.

Hatua ya 6. Sasa linganisha. Siriali ya 115,200: baiti 11,520. Flopi hiyo hiyo: sekta (vipande vya data) 18 × baiti 512 × mizunguko 5 kwa sekunde = 46,080, kabla kichwa hakijaanza kuhamahama. CD ya 1x (kasi ya msingi): kwa sekunde sekta 75 × 2,048 = 153,600.

MASWALI

Kobe_Mbio: Mkuu kwa kifupi 56k ni sawa na ngapi?

Mleta somo: Hatua ya 2.

Kobe_Mbio: Nimegawanya kwa 8 nimepata 7,000. Somo lako lina makosa.

Mleta somo: Halina. Hatua ya 4 inasema KEBO YA SIRIALI. Na hiyo 56,000 huipati kwenye laini ya simu yenye kelele. Ukiunganishwa kwa 44,000, ukigawanya kwa 8 ni 5,500. Toa vichwa vya pakiti, hiyo hapo tano yako.

Binti_Modemu: Samahani mkuu, mbona kwa modemu umegawanya kwa 8? Zile biti mbili zimekwenda wapi?

Mleta somo: Hilo ndilo swali, dada. Modemu zenye V.42 (kanuni ya kurekebisha makosa) huzivua biti za kuanzia na kumalizia, zikatuma data kwa mafungu yenye ukaguzi wa makosa. Upande wa pili zinarudishiwa. Ndiyo maana bandari ya siriali huwekwa juu kuliko modemu, mfano 115,200 kwa modemu ya 33,600. Tena V.42bis (kanuni ya kubana data) ikibana maandishi, bandari ya kasi ya chini inakuwa kizibo. Hakikisha chipu ya bandari ni 16550A, ina akiba ya baiti 16. Ile 8250 ya zamani itakudondoshea baiti.

Fundi_Sekta: CD ya muziki nimepata 176,400, si 153,600. Mzunguko si ule ule?

Mleta somo: Ni ule ule. Sekta ina baiti 2,352, muziki unazitumia zote. Data inaacha 304 kwa usawazishaji, anwani na kurekebisha makosa. Mkwaruzo kwenye wimbo hausumbui sana, kwenye programu unaua.

Kobe_Mbio: Basi 52x ni megabaiti 8 kwa sekunde?

Mleta somo: Karibu, lakini ukingoni mwa nje tu. Ndani ni chini ya nusu.

Mzee_wa_Kebo: Kwa ile nakala ya diski ungetumia ZMODEM (utaratibu wa kutuma faili), umeme ukikatika inaendelea ilipoishia.

Mleta somo: Sasa najua, mzee. Usiku ule nilikuwa na XMODEM, utaratibu wa zamani zaidi: ikikatika unarudi baiti ya kwanza.