Kabla hujampa mwenye kisukari dawa ya majani

Shangazi yangu wa Kayole alimeza vidonge vya kisukari miezi minne, kisha akaletewa chupa ya dawa ya miti shamba isiyo na lebo, akaambiwa vidonge avitupe. Wiki ya tatu tulimkuta sakafuni hajitambui. Mashine ya kupima sukari haikutoa nambari, iliandika HI tu, maana yake imepanda kupita uwezo wake wa kusoma. Tulimkimbiza hospitali, akapona. Mimi nafanya kazi kwenye maabara ya mimea hapa Nairobi, na kila anayenijia na mfuko wa majani akitaka kutengeneza dawa ya kisukari namwambia haya.

Anza na jina. Ukisema "shubiri" hujasema kitu, maana Kenya ina shubiri za aina nyingi na hazifanani ndani. Kata tawi lenye majani na ua au tunda, libane katikati ya magazeti, andika mahali na tarehe, ulipeleke hebariamu (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Makumbusho ya Kitaifa, pale Museum Hill. Watakupa jina la kisayansi na kuhifadhi sampuli. Mganga aliyekuonyesha mmea muulize anatumia sehemu gani, anachuma msimu gani na anachemsha muda gani, kisha mwandikiane atapata nini dawa ikifaulu. Kibali cha utafiti kinatoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia.

Kukausha ndiko kunakoharibu kazi za wengi. Julai moja nilitandaza majani ya mlonge juu ya gunia, na unaujua ubaridi wa Nairobi mwezi huo. Siku ya nne niligeuza jani moja nikaona vidoa vyeusi vimefuata mshipa wa katikati. Ukungu. Nilitupa kilo mbili. Sasa natumia wavu wa waya ulioinuliwa, tabaka moja tu, kivulini, feni ikivuma, nageuza asubuhi na jioni. Jani liko tayari kikonyo chake kikivunjika kwa mlio, kikipinda, bado.

Kisha mizani. Chemsha kwanza kama mganga anavyochemsha, lakini kwa vipimo: gramu 50 za unga wa majani kwa mililita 500 za maji, nusu saa, chuja, kausha maji yote, pima kinachobaki, yaani masazo. Rudia kwa majani ya shamba lilelile yaliyochumwa mwezi mwingine. Mimi masazo yaliwahi kupungua karibu nusu baada ya mvua. Mgonjwa anayepimiwa kwa kijiko hawezi kujua leo amekunywa dozi ya jana au nusu yake, na hapo ndipo chupa nyingi za mitaani zinapoanguka.

Masazo yakilingana, nenda maabara yenye uwezo, kama kituo cha utafiti wa tiba asili cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba. Huko hupimwa kama dawa inazuia kimeng'enya kinachovunja wanga tumboni, ikilinganishwa na akabozi, dawa ya kisukari inayofanya kazi hiyohiyo. Kisha panya, kwa idhini ya kamati ya maadili: usalama kwanza, kwa dozi za hadi miligramu 2000 kwa kilo ya uzito, ndipo upime kama sukari inashuka. Pima pia madini mazito kama risasi. Kazi hii ni ya miaka. Metformini yenyewe, kidonge cha kisukari kinachotumiwa sana, ilianzia kwenye mmea wa Ulaya, Galega officinalis, ambao una sumu. Kilichofika kwa wagonjwa ni kemikali iliyoundwa maabara kwa kufuata ile ya mmea, na daktari Jean Sterne alichapisha matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957 huko Ufaransa. Kabla ya kuuza, sajili kwa Bodi ya Dawa na Sumu.

Ukifika kwa binadamu, fanya kazi na daktari, na usimwachishe mtu vidonge. Karela, lile tunda chungu, inaweza kushusha sukari. Ikikutana na glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, inaweza kuishusha mno. Mtu akianza kutetemeka na kutoka jasho jembamba, mpime: sukari ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita mpe soda yenye sukari hapohapo, umpime tena baada ya dakika 15. Na mwenye kisukari aina ya kwanza, ambaye kongosho lake halitengenezi insulini, usimwingize kwenye jaribio lolote linalomtaka aache sindano.