Kuinuka kitini bila kushika: mazoezi ya miguu na balansi kwa waliovuka miaka 60

Mwangalie mtu wa miaka 70 anavyotoka kwenye kochi. Mikono inatafuta pa kushika, anajisukuma mara ya kwanza, anarudi chini, anajisukuma tena huku akiguna, na akishasimama anatulia kwanza ndipo apige hatua. Nyumbani watasema ni uzee. Mara nyingi ni mapaja na makalio yaliyoishiwa nguvu, na misuli hiyo hujengeka katika umri wowote. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wazee dhaifu wa miaka 86 hadi 96 waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Baada ya wiki 8 za kunyanyua uzito kwa miguu, nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Wazee wengi wanaoambiwa "fanya mazoezi" huanza kutembea asubuhi, wakaishia hapo. Kutembea kunafaa moyo, sukari na usingizi, ila njia tambarare haiyapi mapaja mzigo wa kuyafanya yaongeze nguvu. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 kwa wenye miaka 65 na zaidi yana sehemu tatu: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, mazoezi ya misuli angalau siku 2, na mazoezi yanayochanganya balansi na nguvu angalau siku 3. Mwongozo huu unahusu zile mbili za mwisho, ambazo ndizo zinazosahaulika. Vifaa vyake ni kiti, ukuta, kanga na mfuko wa unga.

Nani aende hospitali kwanza

Usianze kabla ya kuonana na daktari kama unapata maumivu au kubanwa kifua ukitembea, kama umewahi kuzimia, kama umevunjika mfupa au kufanyiwa upasuaji miezi ya karibuni, au kama presha yako ukiwa umetulia inasoma namba ya juu 180 au zaidi, au ya chini 110 au zaidi. Anayeona kizunguzungu kila akisimama naye apimwe presha akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, huenda dawa zinahitaji kupangwa upya, na zoezi la kuinuka-inuka lisubiri.

Hatua ya 1: Chagua kiti

Hapa ndipo ajali nyingi zinapoanzia. Kile kiti cha plastiki cha kwenye sherehe hakifai: ukikikalia ukingoni miguu yake hutanuka, na juu ya vigae huteleza. Tafuta kiti cha mbao au chuma, chenye kikalio kigumu na mgongo ulionyooka, kimo chake sentimita 43 hadi 45 kutoka sakafuni. Pima kwa futi ya fundi. Usikadirie kwa macho. Kisukume hadi mgongo wake uguse ukuta ili kisirudi nyuma.

Vua kandambili. Vaa raba au viatu vinavyoshika kisigino, au baki peku kama sakafu ni kavu na huna kisukari. Soksi tupu kwenye vigae ni hatari kama maji yaliyomwagika. Mwenye dira au kanga aipandishe na kuifunga isiguse miguu.

Hatua ya 2: Jipime sekunde 30

Kaa katikati ya kikalio, kunja mikono kifuani, kila kiganja kwenye bega la upande wa pili. Mtu mwingine ashike saa. Akisema anza, inuka hadi unyooke, kaa, inuka tena, kwa sekunde 30, na yeye ahesabu mara ulizosimama wima. Ukitumia mikono hata mara moja, matokeo ni 0, na hakuna aibu. Wengi wanaanzia hapo.

Kwa vipimo vinavyotumiwa na CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, nguvu za miguu huhesabiwa kuwa pungufu zikiwa chini ya hizi:

- Miaka 60–64: wanaume 14, wanawake 12
- Miaka 65–69: wanaume 12, wanawake 11
- Miaka 70–74: wanaume 12, wanawake 10
- Miaka 75–79: wanaume 11, wanawake 10
- Miaka 80–84: wanaume 10, wanawake 9

Namba hizo zilitokana na Wamarekani, kwa hiyo zichukue kama alama ya njiani. Inayokuhusu zaidi ni yako ya leo. Iandike kwenye kalenda ya ukutani, pamoja na kimo cha kiti, maana ukipima tena kwa kiti kingine hutajua kama ni miguu iliyobadilika au ni kiti.

Hatua ya 3: Inuka na kukaa

Hili ndilo zoezi lenyewe. Ukiwa na muda wa zoezi moja tu kwa siku, fanya hili.

Sogea mbele mpaka ukae nusu ya kikalio. Tenganisha miguu kwa upana wa nyonga, kisha ivute nyuma mpaka visigino viwe kama sentimita 10 nyuma ya usawa wa magoti. Inama kutoka kwenye nyonga huku mgongo umenyooka, hadi pua ivuke vidole vya miguu. Hapo utahisi makalio yanakuwa mepesi yenyewe. Sukuma sakafu kwa wayo wote, simama, nyosha nyonga hadi mwisho, kaza makalio. Kisha rudi chini ukihesabu moja, mbili, tatu, mpaka uguse kiti.

Hesabu kwa sauti. Anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi wakati wa kuinuka kunaipandisha presha ghafla.

Anza na mara 8, pumzika dakika 1 au 2, rudia mara 8 nyingine. Hizo ni raundi 2. Kipimo cha uzito sahihi ni hiki: ukimaliza raundi, uwe na hakika kwamba ungeweza kuongeza mara 2 au 3 tu, si zaidi. Ukimaliza na bado unaona ungeweza 10 nyingine, umenyoosha miguu, hujaijenga. Hapa watoto na wajukuu huharibu kazi kwa huruma, wakimwambia bibi "inatosha" akiwa ndiyo kwanza anaanza kupata joto.

Mambo yanayoharibika, na sababu zake:

*Anaanguka tena kwenye kiti.* Miguu iko mbele mno, au anaogopa kuinama. Uzito unabaki nyuma ya nyayo, na hakuna paja litakaloweza kuuvuta. Rudisha visigino nyuma, pua mbele.

*Magoti yanakutana.* Misuli ya pembeni ya nyonga imelegea. Kunja kanga iwe kama mkanda, ifunge juu kidogo ya magoti bila kubana, na wakati wa kuinuka yasukume magoti nje dhidi ya kanga. Ndani ya wiki chache mwili hujifunza njia yake. Fungua kanga kabla ya kutembea.

*Anajitupa.* Anainuka vizuri, kisha anadondoka kama gunia. Kushuka polepole ndiko kunakojenga nguvu za kushuka ngazi na daladala, na mtu mwenye mifupa dhaifu anaweza kuvunjika pingili ya uti wa mgongo kwa kujitupa kwenye kiti kigumu.

*Anaegemea mguu mmoja.* Goti bovu linapumzishwa, zima linabeba kazi yote. Mwenyewe hajui, asimame mtu mbele yake amtazame mabega kama yanalala upande.

Likikushinda kabisa, pandisha kimo: weka blanketi lililokunjwa likawa gumu, la kama sentimita 5 au 10, na upunguze kila wiki. Usirundike mito miwili, itateleza. Pia unaweza kuweka viganja juu ya mapaja na kujisukuma kidogo, lakini si kuvuta meza au mkono wa mtu.

Likiwa jepesi, usikimbilie kuongeza idadi. Kwanza ongeza raundi ya tatu. Kisha kumbatia mfuko wa unga wa kilo 2 kifuani. Baadaye tanguliza mguu mmoja mbele kwa nusu ya wayo, ili ule wa nyuma ubebe zaidi, na ubadilishe kwenye raundi inayofuata. Kuanzia wiki ya 4 au ya 5, kama magoti yametulia, inuka kwa kasi na ushuke taratibu kama kawaida. Nyuzi za misuli zinazofanya kazi kwa haraka ndizo zinazopungua zaidi uzeeni, na ndizo zinazokudaka ukijikwaa kizingitini.

Hatua ya 4: Visigino, ukuta na kusimama imara

Visigino: simama mbele ya meza nzito au sinki, gusa kwa vidole vya mikono, panda juu ya vidole vya miguu, tulia sekunde 1, shuka kwa 3. Mara 10, raundi 2. Vigimbi ndivyo vinavyokusukuma mbele unapotembea. Vikidhoofika hatua zinakuwa fupi na miguu inaburura.

Ukuta: simama umbali wa mkono kutoka ukutani, viganja kwenye usawa wa kifua, kunja viwiko hadi pua ikaribie ukuta, jisukume. Mara 8 hadi 10. Mwili uwe kama ubao. Wengi huacha makalio nyuma.

Balansi hufanywa kila siku, kwenye kona ya chumba, ukuta ukiwa nyuma yako na kiti mbele. Ngazi zake ni nne, kila moja sekunde 10: miguu pamoja, mguu mmoja mbele nusu ya mwingine, kisigino cha mmoja kugusa vidole vya mwingine, mguu mmoja. Usipoweza kushika ile ya tatu sekunde 10, hatari yako ya kuanguka imeongezeka, kwa hiyo baki hapo mpaka uiweze. Ukishaziweza zote, geuza kichwa kushoto na kulia taratibu ukiwa umesimama. Usifumbe macho ukiwa peke yako.

Hatua ya 5: Kutoka chini hadi kusimama

Anayekaa mkekani, anayeswali kwa kusujudu, anayetumia choo cha kuchuchumaa, huu ni ujuzi wa kila siku. Ufundishe mwili sasa, siku ambayo hujaanguka. Fanya ukiwa na mtu karibu, kiti kile kile kikiwa kimeegemea ukuta.

1. Ukiwa umelala chali, kunja magoti na ugeuke ubavu.
2. Jisukume kwa kiwiko na kiganja hadi uwe kwa mikono na magoti. Tulia, vuta pumzi mara 3.
3. Tambaa hadi kwenye kiti, weka viganja viwili katikati ya kikalio.
4. Leta mbele mguu wenye nguvu, wayo wote chini.
5. Sukuma kwa mguu huo na mikono pamoja, geuka, kaa. Usisimame moja kwa moja. Kizunguzungu huja hapa.

Mara 2 au 3 zinatosha, siku 2 kwa wiki. Aliyewekewa goti au nyonga ya bandia asijaribu kabla ya kuelekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia.

Ratiba, maumivu na sukari

Hatua ya 3 na ya 4, ukiacha balansi ambayo ni ya kila siku, fanya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, au siku 3 zozote zenye siku ya kupumzika katikati. Tangulia na dakika 5 za kutembea ndani au uani. Dakika 25 zinatosha. Kwa mwendo wa siku nyingine, pima kasi kwa maneno: uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Wanaokunywa atenolol (dawa ya presha) na dawa za jamii yake wasitegemee mapigo ya moyo, kwa sababu dawa huyashusha.

Misuli kuuma siku 2 au 3 za mwanzo ni kawaida. Goti lenye baridi yabisi linaruhusiwa kuuma kidogo wakati wa zoezi, kama alama 3 kati ya 10, mradi kesho asubuhi limerudi hali yake. Likiamka limevimba, punguza raundi moja na upandishe kiti. Kifua kikibana, pumzi ikikatika au macho yakiona giza, acha papo hapo. Kifua kisipoachia, ni hospitali bila kungoja.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari vya glibenclamide apime sukari kabla. Ikiwa chini ya 5 (mmol/L), ale ndizi au kipande cha mkate kwanza. Baada ya zoezi avue viatu akague nyayo, maana ganzi humficha mtu kidonda.

Misuli hujengwa na chakula pia. Mzee anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Yai moja lina kama 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Chai na mkate asubuhi, ugali na mchicha jioni, haifiki. Ongeza dagaa au dengu. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza.

Wiki ya 6 rudia kipimo cha sekunde 30, kiti kile kile, saa ile ile ya siku. Ukikatishwa na malaria au safari kwa wiki 2 au zaidi, usirudi ulipoishia: ondoa mzigo, anza na raundi 1, na uongeze kila baada ya siku 2 za zoezi. Ramadhani hamishia mazoezi baada ya futari, mtu akishakunywa maji ya kutosha. Na anayeswali tarawehe kwa kusimama amekwisha inuka mara nyingi usiku huo, basi raundi moja ya kiti inamtosha.