Njiwa akifiwa, anza na zamu ya mayai

Kanga, njiwa wangu jike, alichukuliwa na kipanga saa nane mchana, mwezi wa sita, kusi linavuma. Mimi niliona manyoya tu yakishuka juu ya bati la jirani. Mumewe, Bosi, hakuona kitu, maana muda huo alikuwa ndani amelalia mayai. Njiwa wana zamu: dume huingia kwenye saa nne asubuhi, jike humpokea karibu saa kumi jioni na kulala nayo mpaka kesho yake. Ilipofika saa kumi Bosi akasimama, akachungulia mlangoni, akarudi kulalia. Akatoka tena. Mpaka adhana ya magharibi alikuwa ameshatoka na kuingia mara sijui ngapi, halafu akapanda kwenye ubao wake wa kulala, mayai mawili yakabaki yanapoa.

Mimi ni fundi baiskeli, Ngamiani, Tanga. Banda la njiwa nimeligongea nyuma ya kijiwe changu kwa mbao za makasha na waya. Jioni ile nilikaa kwenye benchi nikimsikitikia Bosi, na hapo ndipo nilipokosea. Njiwa wako akifiwa, cha kwanza si majonzi yake. Uliza marehemu alikuwa anafanya kazi gani, na nani ataishika usiku huu.

Kama kuna mayai, tafuta jozi nyingine iliyotaga siku zile zile, tofauti isizidi siku mbili tatu. Njiwa halijui yai lake wala la mwenzie, atalalia tu. Ila mayai mawili ndiyo kipimo cha kifua chake. Ukimrundikia manne, ya pembeni yatapata baridi na huenda ukakosa yote. Kwa hiyo mulika mayai ya hiyo jozi kwa tochi ya simu. Yai lenye uhai, baada ya siku tano hivi, linaonyesha mishipa myekundu kama mizizi. Lisilo na kitu linapitisha mwanga wote. Toa yasiyo na kitu, weka ya yatima. Kama huna jozi ya kukusaidia, usihangaike na balbu ya umeme. Hata ukifanikiwa kuyatotoa siku ya 17 au 18, makinda ya njiwa siku za mwanzo hayali nafaka. Yanakula maziwa ya kifukoni, yale mazito meupe ambayo baba na mama wote wawili hutengeneza kooni. Hayo huna.

Makinda yaliyokwisha kutotolewa ni habari nyingine. Chini ya wiki moja, shida kubwa ni joto la usiku, kwa hiyo yahamishie kwa jozi yenye kinda la ukubwa uleule. Yakifika siku kumi, manyoya yanachomoza kama miiba, mzazi mmoja anaweza kuyamaliza mwenyewe, mradi umwekee chakula na maji karibu asisafiri mbali. Ukiona vifuko vyao vya chakula kooni vimesinyaa jioni, loweka kunde au choroko, fungua mdomo kwa kidole taratibu, zitie moja moja.

Halafu ujue kilichoua. Mimi wangu kaenda na kipanga, sikuwa na la kuchunguza. Lakini ukimkuta njiwa amekufa bandani, usimshike kwa mkono mtupu, shika kwa mfuko wa plastiki. Tazama kinywani kama kuna utando wa njano. Kumbuka kama siku za mwisho alikuwa anapinda shingo, kinyesi cha kijani, anakosea kudonoa punje. Dalili hizo si za kubahatisha na vidonge vya dukani; mwite afisa mifugo wa kata, na huyo mjane mtenge na wenzake mpaka ujue. Vyombo vya maji vioshe siku hiyohiyo. Kuna watu humwachia aliyebaki maiti ya mwenzie aitazame, eti apate kuelewa. Kwa aliyekufa na ugonjwa, huo ni mchezo mbaya.

Sasa Bosi mwenyewe. Siku mbili za kwanza alisimama mlangoni pa chumba chao akilia kile kilio kizito cha kuita, na kila jike mweusi aliyepita alimfuata kisha akarudi. Sikumfungulia kuruka kwa siku nne. Dume aliyefiwa hutafuta, na akitafuta juu angani anaweza kuangukia kundi la mfugaji mwingine, ukampoteza na yeye. Lakini usimtenge peke yake kama si mgonjwa. Mwache ndani na wenzake, chumba chake kilekile, kiota chake usikitoe mara moja. Angalia tu madume jirani wasimnyang'anye, maana waliiona nafasi kabla yangu.

Usimpime kwa kumtazama. Njiwa akijivimbisha manyoya anaonekana mnene hata akiwa mifupa. Mshike usiku, papasa kidari. Mfupa wa katikati ukiukuta mkali kama makali ya kisu, ujue hali chakula. Mimi nilimweka kwenye mzani wa duka la jirani kila baada ya siku mbili, muuzaji akicheka, gramu 360 zikashuka mpaka 335 kisha zikasimama. Asiyegusa chakula siku nzima ni wa kumshughulikia, si wa kusubiri. Bosi aliacha mtama na mahindi ya kuvunja, akakubali karanga mbichi nilizokata vipande na kumpa mkononi. Nikawa nakunywa chai yangu ya asubuhi pale bandani, bila kumsemesha sana. Siku ya sita aliingia kwenye beseni la maji akaoga, nikajua kumekucha.

Haya yote yanamfaa njiwa kwa sababu ana kundi. Ndege wa kizimbani hana. Jirani yangu alikuwa na kasuku wadogo wawili wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa, wale ambao asili yao ni hapa hapa Tanzania, kusini mwa Ziwa Victoria. Mmoja alikufa, mama wa watu akamwekea aliyebaki kioo. Ndege akawa anakitapikia kioo chakula na kukilinda kama mke. Tulikitoa. Kizimba kikahamia sebuleni kwenye watu, si jikoni kwenye moshi na kikaango, akapewa vijiti vya mpera avitafune, na saa ya kulala ikawa ileile kila siku. Huyo mwenzake ni nyinyi wa nyumbani, na kazi hiyo haina likizo.

Kuhusu kumwozesha tena: watu walianza kuniletea majike siku ya tatu. Njiwa hakai eda ya miezi minne na siku kumi, ni kweli, lakini mngoje aonyeshe mwenyewe. Bosi alianza kuvimbisha shingo, kuzunguka na kufagia sakafu kwa mkia kwenye wiki ya nne. Ndipo nikanunua jike. Muuzaji aliapa ni jike. Alfajiri ya pili likavimba shingo, likanguruma kuliko Bosi. Dume na jike wa njiwa wanafanana, kwa hiyo nunua aliyewahi kutaga, au uwe na makubaliano ya kurudisha.

Wa pili alikuwa jike kweli. Nilimweka mbali siku 30 kwanza, chombo chake cha maji peke yake, asije akaleta maradhi. Baadaye nikawaweka kwenye kasha moja lenye wavu katikati, siku tano wanatazamana. Ukiona jike anaitikia kwa kichwa dume anapoinama, toa wavu jioni, ukae hapohapo. Wakinyonyoana utosini mpaka damu, rudisha wavu, jaribu wiki ijayo. Wangu walinyonyoana mara moja tu.

Mgeni usimfungulie mapema, atarudi kwao. Mngoje atage, yai ndilo kamba. Nilimfungulia siku ya nne ya mayai, saa nne na robo, Bosi ameshaingia zamu yake. Kazi haikwenda asubuhi ile: tairi mkononi, macho juu ya mabati mpaka saa kumi.