Mtoto wa kike panja zinakuwa tupu? Fumua kwanza hiyo misuko

Kina mama wenzangu mie limenikuta. Mwanangu ana miaka sita, nilimsukisha rasta za kubana kweli kwa ajili ya Sikukuu, usiku hakuweza kulaza shavu kwenye mto, nyusi zimepanda juu kama kashtuka, kila shina la nywele lina kipele kidogo cheupe, na mie namwambia vumilia mwanangu kesho utapendeza. Nikaendelea kumsuka vivo hivo, mwisho panja zote mbili tupu.

Si jicho la hasadi wala haliambukizi, ni nywele kuvutwa mpaka shina linachoka.

Ila hakikisha kwanza. Ya kuvutwa inaanzia pembeni, juu ya masikio na kwenye paji, na mara nyingi pale ukingoni vinabaki vinyweleo vifupi. Ukiona duara lina magamba, linawasha, na nywele zimekatika zimebaki kama nukta nyeusi, hayo mashilingi, yaani fangasi wa kichwani, dawa ya kupaka peke yake haitoshi, atapewa ya kumeza wiki kadhaa. Duara laini tupu kama limenyolewa hilo jengine, nalo likaangaliwe na daktari.

Kama ni kuvutwa fumua leo leo, usingoje wiki iishe eti pesa ya msusi itapotea. Tia mafuta ya nazi kidogo, fumua kwa vidole, kuchana anzia nchani. Halafu miezi kadhaa hakuna rasta, hakuna nywele za kuongeza, hakuna raba, mabutu mawili yaliolegea yanatosha kwendea skuli na chuoni. Na ule ushungi wenye raba kali badilisha jamani, maana unabana palepale panjani kutwa nzima, na usimvishe kichwa bado kina maji. Kitunguu thomu msimsugue, kinaunguza ngozi.

Akiwa kwa msusi kaa nae. Akisema inauma muamini, hadeki, mwambie msusi alegeze saa hiyo hiyo.

Nywele zinaota kama sentimita moja kwa mwezi, zetu za kipilipili pungufu kidogo, kwa hiyo usipime kila siku. Ila kukiwa na usaha, au ngozi imeanza kung'aa haina hata vitundu, nenda hospitali haraka, maana ikivutwa miaka na miaka shina linakufa na hapo hakuna mafuta yatakayolirudisha.

Wangu mwezi wa nne tangu nimfumue ndo nikaviona vinyweleo vinachomoza. Sasa anasukwa na bibi yake, na akivutwa tu anasema mwenyewe, "bibi legeza."